Kutoboa barafu ya Europa: Joto ndilo kikwazo kikuu

WANASAYANSI wengi wanaamini kuwa chini ya ganda la barafu la Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Jupita, ipo bahari ya chumvi yenye maji mengi kuliko bahari zote za dunia zikijumlishwa. Ikiwa kuna viumbe hai nje ya dunia yetu, huenda vimo humo. Tatizo ni namna ya kuifikia bahari hiyo.

Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa na Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) Oktoba 14, 2024, hakitatua huko. Kinatarajiwa kufika Jupita mwaka 2030 na kuupita mwezi huo kwa karibu takriban mara 50. Kuingia ndani kutahitaji chombo cha aina nyingine: chembamba, chenye ncha ya moto inayoyeyusha barafu, kinachozama taratibu kwa uzito wake chenyewe.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1968, mwanafizikia Karl Philberth alizamisha chombo cha namna hiyo katika barafu ya Greenland hadi kina cha zaidi ya mita 1,000. Kwa kuwa maji huganda tena nyuma ya chombo, waya wa umeme hauwezi kushushwa kutoka juu. Philberth aliukunja ndani ya chombo, ukawa unajikunjua kadiri kilivyoshuka.

Hata hivyo, ganda la Europa linakadiriwa kuwa na unene wa kilomita 15 hadi 25, na barafu ya juu ina baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri au zaidi. Kilo moja ya barafu iliyofikia nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 ili iyeyuke. Barafu ya Europa hudai kwanza nyongeza ya karibu robo tatu ya kiasi hicho ili tu ifikie nyuzi sifuri. Aidha, joto jingi hupotelea pembeni. Chombo kikipungukiwa joto, maji hukibana na safari huishia hapo.

Nishati ya jua haifai, kwani mwanga unaofika Jupita ni takriban asilimia nne tu ya ule unaoifikia dunia, na ndani ya barafu ni giza tupu. Kinachobaki ni nyuklia, ama joto la plutoniamu au kinu kidogo.

Kikwazo kingine ni chumvi na mchanga. Vitu hivyo haviyeyuki kwa joto hilo au hurundikana mbele ya ncha, hivyo wahandisi wamebuni vyombo vinavyorusha maji ya moto au kukata barafu kwa meno ya chuma.

Mawasiliano nayo ni magumu. Mvutano wa Jupita huliminya na kuliachia ganda hilo katika kila mzunguko wa siku tatu na nusu, na nyufa zinaweza kuukata waya. Ndiyo maana wataalamu wanapendekeza kuachwa vipokezi vidogo njiani, vinavyopokezana taarifa hadi juu.

Mwisho ni suala la usafi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unazitaka nchi ziepuke kuchafua sayari nyingine. Chombo kikibeba bakteria kutoka duniani, kinaweza kuharibu bahari hiyo, na wanasayansi wakakiita kiumbe kigeni kile walichokipeleka wao wenyewe.