"Ni Mawazo Tu, Mama": Tutume Pesa ya Kipimo

Simu za mama mdogo kutoka Tengeru, Meru, zilikuwa zimeanza kufanana. Amechoka tangu alfajiri. Anavaa sweta hata jua la saa saba. Ananenepa huku hamu ya kula hana, na nywele zinabaki kwenye kitana. Zahanati ya kwanza ilimtibu taifodi, ya pili UTI. Ya tatu, daktari hakumtazama hata usoni: "Ni mawazo tu, mama, na umri." Nasi huku ughaibuni tukamtumia pesa na vidonge vya kukuza nywele.

Dalili zote hizo zinaweza kutoka mahali pamoja: tezi ya shingo, ambayo homoni zake huendesha kasi ya mwili. Ikilegea, moyo, utumbo, ngozi na hedhi huvurugika pamoja nayo. Ni kweli, upungufu wa damu, sonona na kukoma hedhi huleta dalili kama hizo. Ndiyo sababu jambo hili haliamuliwi kwa kukisia. Huamuliwa kwa damu.

Kipimo cha kuanzia ni TSH, homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi. Tezi ikizembea, amri huzidi na TSH hupanda. Hapo hufuata kipimo cha T4, homoni ya tezi yenyewe.

Sisi wa Meru tunalijua rovu, au goita, tangu enzi za bibi zetu, kwa kuwa mvua huosha madini joto, ambayo tezi huyahitaji, kwenye udongo wa milimani. Chumvi yenye madini joto imelipunguza sana tangu miaka ya 1990. Lakini tezi huweza kulegea bila shingo kuvimba, kama pale kinga ya mwili inapoishambulia.

Kwa hiyo mgonjwa aandike kwenye daftari: dalili zilianza lini, uzito, hedhi, dawa anazomeza, nani katika ukoo aliwahi kuugua tezi. Aingie na ndugu, aseme: "Daktari, naomba nipimwe TSH." Akikataliwa, aulize sababu na aombe rufaa, iwe Hospitali ya Mount Meru au KCMC Moshi, kilomita kama 80 kutoka Arusha.

Na vile vidonge vya nywele? Vingi vina biotini nyingi, ambayo kwenye baadhi ya mashine za maabara huishusha TSH kwa uongo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Aviache angalau siku 2 kabla ya kupima, na amwambie daktari. Zawadi yetu ingeweza kuuficha ugonjwa wake.

Mama mdogo alipopimwa, TSH ilikuwa juu. Sasa kila alfajiri anameza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya tezi, kwa maji, kisha anasubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai ya maziwa. Ndugu zangu, nyumbani wakisema wanaumwa, kabla ya kutuma pesa ya dawa tuulize: umepimwa nini, na majibu yalisemaje?