Tanzania: Somo la seli linavyoweza kufunza Kiingereza

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma Sayansi kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, hukuta Baiolojia ikifundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akieleza kwa ufasaha jinsi mmea unavyojitengenezea chakula hunyamaza, si kwa kukosa maarifa bali kwa kukosa lugha ya kuyatolea. Kwenye karatasi ya mtihani, kimya hicho huhesabiwa kuwa ujinga.

Walimu wengi hutafsiri maelezo kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari wa Kiingereza ubaoni ili unakiliwe. Njia nyingine ni kufundisha lugha ndani ya somo lenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Aga Khan, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, waliwahi kuandaa sura za vitabu vya kidato cha kwanza, zikiwemo za Baiolojia, zenye Kiingereza chepesi, michoro, na maana za istilahi kwa Kiswahili.

Mada ya seli inafaa sana kwa kazi hiyo, kwani sentensi zake ni fupi na sarufi yake hujirudia.

Sarufi iliyomo ndani ya seli

Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alieleza alichokiona kwa hadubini katika gamba la mti litumiwalo kutengenezea vizibo: vijumba vidogo vilivyopangana. Akaviita "cells", yaani vyumba vidogo. Tukio hilo husimuliwa kwa wakati uliopita: "Hooke observed cells." Lakini jambo lililo kweli siku zote husemwa kwa wakati uliopo: "The nucleus controls the cell." Kiswahili nacho hutenganisha mambo hayo: Hooke aliona, kiini huongoza. Mwanafunzi akitambua kwamba "hu-" yake hufanya kazi hiyohiyo, amepata pa kuanzia.

Tofauti ni kwamba "hu-" haijali umoja wala wingi. Kiini huongoza, viini huongoza. Kiingereza husema "a cell divides" lakini "cells divide". Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu "nucleus" huishia na "s" ilhali ni umoja, na wingi wake ni "nuclei". Nayo "mitochondria", isiyo na "s", ni wingi wa "mitochondrion". Kwa hiyo husemwa "the nucleus controls", lakini "mitochondria release energy". Anayejua idadi ya kitu anachokitaja hujua pia umbo la kitenzi chake.

Kauli ya kutendwa nayo si ngeni. Kiswahili husema nishati hutolewa, kwa kiambishi "-w-". Kiingereza hutumia maneno mawili: "energy is released".

Sikio nalo hufunzwa

Katika kusikiliza, mfano mzuri ni "mitosis" na "meiosis". Maneno haya hukaribiana sana masikioni, lakini matokeo yake ni mbalimbali. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46. Kwa mitosis hupatikana seli mbili, kila moja ikiwa na 46. Kwa meiosis hupatikana nne, kila moja ikiwa na 23. Asiyesikia tofauti hiyo hukosea hesabu nzima.

Zoezi lake halihitaji vifaa vingi. Mwalimu husoma aya fupi mara tatu. Mara ya kwanza, wanafunzi hutazama mchoro wa seli usio na majina. Mara ya pili, huandika majina ya sehemu zake. Mara ya tatu, hunukuu maneno muhimu, kisha wawili wawili huiunda upya aya hiyo, wakijadiliana hata kwa Kiswahili. Mwishowe hulinganisha kazi yao na aya asilia. Palipoandikwa "energy releases" badala ya "energy is released", mwalimu hueleza: kilichotolewa kimegeuzwa kuwa mtoaji.

Njia hii ina mipaka yake. Mwalimu wa Baiolojia hakusomea kufundisha lugha, hivyo yeye na mwenzake wa Kiingereza hawana budi kupanga pamoja. Wala haimalizi mjadala wa miaka mingi kuhusu lugha ya kufundishia nchini humo.

Hapa Burundi, ambako Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014, familia zinazozungumza Kiswahili zina la kujifunza kwa jirani. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kumwambia mwanawe amweleze kwa Kiswahili kazi za kiini, utando na ukuta wa seli. Aliyekwisha kulielewa jambo kwa lugha ya nyumbani hubakiwa na kazi moja tu darasani: kulitafutia maneno mapya.