Namna ya Kusoma Mwongozo wa Mirathi Mtandaoni



Alitujia kijana na simu mkononi, akisema mama yake mjane apewe robo ya mirathi, kwani ndivyo mwongozo ulivyosema. Tukausoma pamoja. Ile robo ilikuwa chini ya kichwa cha marehemu asiyeacha mtoto. Baba yake ameacha watoto, basi haki ya mjane ni thumuni, kama ilivyokuja katika Suratun-Nisaa, aya ya 12. Kosa halikuwa la mwongozo. Yeye alitafuta neno, akasoma mstari mmoja.

Kwa hivyo tunanasihi:

1. Anza na yaliyomo, juu ya ukurasa. Ukigusa mada utapelekwa papo hapo. Mshale wa kurudi utakurejesha.

2. Kutafuta neno kwenye simu ya Android yenye Chrome, gusa nukta tatu juu kulia, uchague kutafuta ndani ya ukurasa. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na F pamoja. Kivinjari hutafuta herufi tu, hakijui maana: jaribu "thumuni", kisha "1/8".

3. Ukilipata neno, panda juu mpaka kwenye kichwa, ujue linazungumzia hali gani.

4. Usiuruke mwanzo: gharama za mazishi, madeni na wasia hutangulia kabla ya kugawa.

Mwongozo haumjui marehemu wenu. Kabla ya kugawa, nendeni kwa sheikh au Kadhi na orodha ya warithi wote.

Wallahu aalam.