Matumizi ya Dawa ya Kuua Magugu Katika Bustani na Vihamba vya Sanya Juu

Bustani ya mkaazi wa Sanya Juu, Wilaya ya Siha, mkoani Kilimanjaro, aghalabu si shamba la zao moja. Katika kihamba kimoja huwemo migomba, kahawa, maharage na mboga, na majani yanayoota chini yake hukatwa wakapewa ng'ombe waliomo zizini. Kwa sababu hiyo, dawa ya kuua magugu ikitumika ovyo katika kihamba huweza kumtia mkulima hasara ya mazao, ya mifugo na hata ya uhai. Inafaa basi ifahamike namna ya kuichagua, kuipima na kuitumia.

Kuchagua dawa

Dawa hizi hazifanani. Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974, huingia kupitia majani mabichi na kuteremka hadi mizizini. Kwa hiyo huyaweza magugu sugu kama sangari, ambayo jembe huyakatakata tu na kila kipande kikachipua upya. Lakini haibagui: jani la mbuni au la mgomba likipata dawa nalo hudhurika. Dawa ya 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha mahindi na ngano. Hata hivyo maharage, kahawa na mboga nyingi ni mimea ya majani mapana, hivyo haifai kunyunyizwa penye mchanganyiko huo. Parakwati huunguza majani iliyoyagusa tu, na mizizi ya magugu sugu huchipua tena. Juu ya hayo ni sumu kali isiyo na dawa ya kuiondoa mwilini. Funda moja tu huweza kuua.

Mkulima anashauriwa anunue dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyomo katika chombo cha kiwandani chenye lebo. Mstari wa rangi katika lebo huonyesha ukali wa sumu: nyekundu ndiyo kali zaidi, ikifuatiwa na njano, buluu na kijani. Kijani haina maana ya kuwa dawa haidhuru. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine hazikuafiki, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10. Wakati wataalamu wakiendelea kuhitilafiana, busara ni kuizuia isiguse mwili.

Kupima

Dawa ikizidi hupoteza fedha na kudhuru. Ikipungua magugu hupona. Mkulima apime kwanza eneo la mita 10 kwa 10, alinyunyizie maji matupu kwa mwendo wake wa kawaida, kisha ahesabu lita zilizotumika. Idadi hiyo ikizidishwa kwa 40 hupatikana takriban lita za eka moja. Kwa mfano, zikitumika lita 2, eka itahitaji lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Ikiwa lebo imeagiza lita 1 ya dawa kwa eka, kila bomba litatiwa mililita 200. Huu ni mfano wa hesabu tu. Kipimo cha kufuatwa ni kile cha lebo. Maji yawe safi, kwani udongo uliomo katika maji machafu huidhoofisha glaifoseti.

Kunyunyiza

Wakati bora ni asubuhi, umande ukishakauka, pasipo upepo wala dalili ya mvua. Magugu yawe mabichi yanayokua. Katika kihamba dawa inyunyizwe pale tu penye magugu sugu, pua ya bomba ikiwa chini na imefunikwa kwa kikinga. Palizi ya kati ya mimea ibaki kuwa kazi ya jembe na mkono. Mnyunyizaji avae glavu, mabuti ya mpira, nguo za mikono mirefu na kikinga uso. Suruali ishuke nje ya mabuti. Pua ikiziba isipulizwe kwa mdomo. Glaifoseti haiui siku ile ile, hivyo magugu yasing'olewe kabla ya siku 7. Majani yaliyonyunyizwa wasipewe mifugo mpaka upite muda uliotajwa katika lebo. Isipoutaja, wasipewe kabisa.

Baada ya kazi

Bomba wala chombo cha dawa visioshwe katika mfongo, kwa kuwa maji yake hutumiwa na jamaa na majirani walioko chini. Chombo kitupu kisuuzwe mara 3, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba na kunyunyiziwa eneo lile lile, kisha kitobolewe. Kisitumike kamwe kwa maziwa wala mafuta. Dawa iliyobaki ikae katika chombo chake, chini ya kufuli, mbali na watoto. Kuitia dawa katika chupa ya soda ni kuweka mauti mahali ambapo mtoto huenda kutafuta kinywaji.

Mtu akimeza dawa, au ikimwingia machoni, apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, pamoja na lebo, ili mganga ajue sumu anayopambana nayo. Kwa ushauri zaidi, wakulima wanaombwa wamwone bwana shamba wa kata yao kabla ya kununua dawa.