Masalio ya Mfumo Endeshi wa Zamani: Namna ya Kuyakagua, Kuyaondoa na Kuyafundisha

Makala haya yanahusu kazi moja ndogo ambayo mwalimu wa shule ya msingi mwenye kompyuta shuleni kwake hana budi kuijua, nayo ni kuondoa faili za zamani zinazosalia baada ya mfumo endeshi wa kompyuta kupandishwa daraja. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kwanza mashine inapowashwa, ikazitawala programu nyingine zote pamoja na diski, kibodi na mashine ya kuchapishia. Kazi ya kuondoa masalio yaweza kumalizika kwa nusu saa. Lakini ikifanywa kwa pupa huweza kupoteza kumbukumbu za mwaka mzima.

Jambo hili limezidi kuwa muhimu tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha kipindi cha kawaida cha kuuhudumia mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwezi Julai 2015. Shule zenye mashine zinazotimiza masharti ya Windows 11 zimelazimika kufikiria kuhamia huko. Sharti moja ni kuwa na diski isiyopungua gigabaiti 64, na mashine nyingi tunazozikuta shuleni, hasa zile za kugawiwa, zina diski ndogo zisizozidi sana kiwango hicho. Hapo ndipo masalio yanapokuwa mzigo.

Mfumo mpya unapoingia haufuti ule wa zamani. Huusukuma kando pamoja na mali zake katika kabrasha moja liitwalo Windows.old, linalokaa ndani ya diski C. Makusudi yake ni kumpa mwenye mashine nafasi ya kurudi nyuma akiona mfumo mpya unamsumbua, kwa mfano mashine ya kuchapishia ikikataa kutii. Nafasi hiyo ina mpaka. Zamani ilikuwa siku 30. Tangu mwaka 2016 imekuwa siku 10. Siku hizo zikipita, mashine huliondoa kabrasha yenyewe wala haimwulizi mtu. Anayetaka muda zaidi yampasa aagize mapema, kabla ya siku kumi kwisha, kwa amri iitwayo DISM, ambayo huruhusu kuchagua tangu siku 2 hadi 60. Amri hiyo hutolewa na mwenye mamlaka ya msimamizi wa mashine.

Kabrasha la Windows.old laweza kuchukua gigabaiti kumi, ishirini au zaidi. Katika diski ya gigabaiti 64 hilo si jambo la kupuuza. Diski iliyojaa hufanya mashine kuwa nzito, marekebisho mapya hushindwa kuingia, na mwalimu aandikaye mtihani huambiwa hakuna nafasi ya kuuhifadhi. Kwa hiyo kishawishi cha kufuta haraka ni kikubwa. Naijua nguvu yake kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kushindwa nayo.

Nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya vijijini. Fundi alikuja akaweka mfumo mpya, akaondoka jioni ile ile. Kesho yake nikakuta mashine safi kama ubao uliofutwa. Hapakuwa na faili hata moja katika makabrasha yetu. Nikadhani fundi amezihamishia mahali fulani na kwamba atarudi kutueleza. Baada ya siku chache nikaona ule mstari unaoonyesha ujazo wa diski umekuwa mwekundu. Nikatafuta kinachojaza, nikaona Windows.old, nikalifuta, nikafurahi kuona nafasi imepatikana. Alama za mihula miwili za darasa la nne hadi la saba zilikuwa humo. Tulikaa na wenzangu wiki tatu tukizikusanya upya kutoka katika karatasi na madaftari ya wanafunzi. Watoto waliokuwa wamehama au kupoteza madaftari yao hatukuweza kuwatendea haki, na wazazi wawili walikuja kudai maelezo ambayo sikuwa nayo.

Kilichotokea si muujiza. Kuna njia mbili za kuweka mfumo mpya. Ya kwanza ni kupandisha daraja huku mashine ikiagizwa kutunza faili za mtumiaji. Hapo nyaraka zako hubaki mahali pake, na Windows.old huwa hasa na mfumo wa zamani. Njia ya pili ni kuweka mfumo upya bila kuagiza faili zitunzwe. Ikiwa fundi hakuifuta diski kwanza, nyaraka zote huingia ndani ya Windows.old, katika kabrasha dogo liitwalo Users, chini ya jina la kila mtumiaji. Mwalimu atakayeona meza ya kioo chake ni tupu baada ya fundi kuondoka, na aende huko kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Akiulizwa ruhusa akubali, kisha anakili nyaraka zake kwenye flashi, afungue mbili tatu kuhakikisha zinasomeka.

Ukaguzi ukikamilika, na mashine ya kuchapishia pamoja na programu za shule zikijaribiwa zikafanya kazi, ndipo uondoaji waweza kuanza. Usijaribu kulifuta kabrasha kwa kulichagua na kubonyeza kitufe cha kufutia, kwani mara nyingi mashine itakataa kwa madai kwamba huna ruhusa. Fungua «Settings», ingia «System», kisha «Storage», halafu «Temporary files». Utaonyeshwa orodha yenye visanduku vya kutia alama, na mfumo wa zamani utaukuta humo pamoja na ukubwa wake. Watumiaji wa zamani wanaweza kupitia programu ya Disk Cleanup, wakichagua kusafisha faili za mfumo. Katika orodha ile ya «Temporary files» angalia sana kisanduku cha «Downloads». Hicho si masalio ya mfumo. Ni faili ulizozipakua, na walimu wengi huacha humo mitihani ya miaka iliyopita na mihtasari ya masomo. Usikitie alama ila kama umekwisha kukagua. Fahamu pia kuwa vitu vinavyoondolewa kwa njia hii havipiti katika kapu la taka, na baada ya Windows.old kuondoka nafasi ya kurudi kwenye mfumo wa zamani imefungwa.

Sasa tuje kwenye ufundishaji. Mwanachuo aendaye mazoezini asianze somo hili kwenye mashine, kwa sababu ataikuta moja mbele ya wanafunzi sitini, na wa nyuma hawataona ila migongo ya wenzao. Aanze na boksi. Atie ndani muhtasari uliopitwa na wakati, rula iliyovunjika, chaki zilizomeguka, magazeti makuukuu, na katikati yake, kwa siri, daftari la mmojawapo wa wanafunzi walioko darasani. Aandike ubavuni «Windows.old». Kisha amwite mtoto mmoja aumwage mzigo wote katika kapu la taka. Mwenye daftari atapiga kelele kabla ya mwalimu kusema neno. Katika darasa moja nililolikagua kelele ilikuwa kubwa hata mwalimu wa jirani akaja kuchungulia, na mafunzo ya siku ile yalikuwa yamekwisha kuingia. Maswali ya mwalimu yafuate hapo: Nani aliweka vitu hivi? Kwa nini havikutupwa tangu mwanzo? Tungejuaje kuwa daftari limo?

Kwenye mashine yenyewe kazi ya wanafunzi iwe kusoma tarakimu. Kufuta afute mwalimu. Waandike nafasi iliyo wazi kabla na baada ya kufuta, watoe tofauti. Kama kabla zilikuwa gigabaiti 6 na baada ni 27, zimepatikana 21. Mwanafunzi makini huenda akauliza kwa nini diski iliyoandikwa gigabaiti 128 kwenye karatasi ya kiwanda yasomeka 119 kwenye kioo. Usimnyamazishe. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ambapo Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu mfululizo. Darasa la saba laweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni, na hakuna kilichopotea wala kuibwa.

Shule zitumiazo Ubuntu zina masalio ya namna nyingine. Kila marekebisho ya kiini cha mfumo huacha kiini cha zamani, na mahali paitwapo /boot, ambapo wakati mwingine pametengwa nafasi ndogo, huweza kujaa hata marekebisho yakakwama. Amri ya sudo apt autoremove huviondoa vile visivyohitajika, lakini kwa kawaida huacha kimoja cha akiba pamoja na kile kinachotumika, ili mashine iwe na pa kuamkia endapo kipya kina hitilafu. Kiini hicho cha akiba kisiondolewe kwa mkono. Faili za usakinishaji zilizopakuliwa huondolewa kwa sudo apt clean, nazo hazina nyaraka za mtu yeyote.

Tarehe ya kuweka mfumo mpya, jina la aliyeuweka na siku ya kumi itakapoangukia viandikwe katika daftari la vifaa siku ile ile, fundi akiwa bado yupo, naye aulizwe mbele ya mwalimu mkuu alitumia njia ipi kati ya zile mbili.