Gari Lililoegeshwa: Namna ya Kulilinda na Haki Zako Likiibiwa

Gari likiwa barabarani lina dereva wa kulitunza. Likisha kuegeshwa, hubaki na kufuli zake na macho ya wapita njia. Kwa familia nyingi gari ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo ambao utaendelea kulipwa hata baada ya gari lenyewe kutoweka. Makala haya yanaeleza jinsi wizi wa magari yaliyoegeshwa unavyotendeka, kinga zinazofaa kugharimiwa, na haki za mlaji mbele ya mwenye maegesho, kampuni ya bima na muuza vipuri.

Mwizi hutafuta nini

Si kila mwizi anataka gari zima. Wengi hutaka kitu kinachong'oka haraka na kuuzika siku hiyo hiyo: vioo vya pembeni, taa, betri, tairi la akiba, masega ya eksozi, au kompyuta ya injini ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Wengine huvunja kioo cha dirisha kwa ajili ya kilichoonekana ndani. Mkoba mtupu uliowekwa juu ya kiti humshawishi mwizi sawasawa na mkoba uliojaa fedha, kwa kuwa yeye hajui tofauti yake mpaka kioo kimeshavunjika.

Kwa hiyo acha kiti na dashibodi vikiwa vitupu. Ikiwa ni lazima kuweka kitu ndani ya buti, kiweke kabla ya kufika unakoegesha. Anayekutazama ukihamisha kompyuta kutoka kiti cha nyuma kwenda kwenye buti ameshajua pa kuanzia. Kadi ya usajili wa gari isikae ndani ya gari, kwa maana inamrahisishia mwizi kujifanya mmiliki.

Mahali pa kuegesha

Chagua mahali penye mwanga na watu wanaopita. Nyumbani, gari likae ndani ya geti, na sehemu yenye thamani zaidi, kama buti lenye tairi la akiba, ielekee ukutani. Geuza magurudumu ya mbele na ufunge usukani, ili gari lisivutwe kwa urahisi. Usiache injini ikiunguruma ukisubiri geti lifunguliwe au ukinunua kitu dukani, hata kwa dakika moja.

Hila za rimoti

Baadhi ya wezi hutumia kifaa kinachovuruga mawimbi ya rimoti. Unabonyeza kitufe, unaondoka ukiamini kuwa milango imefungwa, kumbe gari halikupokea amri. Dawa yake haina gharama: hakikisha taa zimewaka na kufuli zimelia, kisha vuta kitasa cha mlango kabla ya kuondoka. Ikiwa rimoti haifanyi kazi mahali ambapo kwa kawaida hufanya kazi, funga kwa ufunguo au uhamishe gari.

Magari yanayofunguka kwa ufunguo uliomo mfukoni yana udhaifu mwingine. Wezi wawili wenye vifaa vya kupokea na kurusha mawimbi wanaweza kuchukua ishara ya ufunguo uliolala mezani ndani ya nyumba na kuifikisha kwenye gari lililo nje. Weka ufunguo mbali na mlango, ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Jaribu kopo hilo kwa kusimama nalo karibu na gari: mlango ukifunguka, kopo halifai.

Kinga ipi inunuliwe kwanza

Anza na rahisi. Kuchonga namba ya usajili kwenye vioo na taa hakumzuii mwizi kuving'oa, lakini humharibia soko, kwa kuwa mnunuzi ataiona namba ya mtu mwingine. Mabano ya chuma yanayoshika vioo vya pembeni, na nati za magurudumu zenye ufunguo wake maalumu, humpotezea mwizi muda. Kufuli la usukani au la gia huonekana kutoka nje, na hilo peke yake humfanya atafakari.

King'ora husaidia pale tu palipo na mtu wa kukisikia na kutoka. Kifaa cha kufuatilia gari hakizuii wizi. Husaidia kulipata gari, na mara nyingi huwa na ada ya kila mwaka. Kabla ya kulipa, uliza ada hiyo ni kiasi gani, nani anapokea taarifa usiku, na kifaa kitafanya nini betri ikikatwa. Dai risiti na hati ya dhamana kwa maandishi.

Tangazo la «egesha kwa dhamana yako»

Maegesho mengi yana tangazo la namna hii, na walaji wengi huamini kuwa limefunga mjadala. Sivyo ilivyo daima. Ushuru wa kuegesha kando ya barabara kwa kawaida ni malipo ya kutumia nafasi, si malipo ya ulinzi. Lakini unapomkabidhi mtu gari lako pamoja na ufunguo ili alitunze, kama katika sehemu ya kuoshea magari, gereji au hoteli, umeweka amana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka mpokea amana aitunze kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo dai stakabadhi inayoonyesha namba ya gari, saa na jina la aliyepokea. Bila stakabadhi, ni vigumu kuthibitisha makabidhiano.

Bima inalipa nini

Bima ya lazima kisheria ni ile inayomlinda mtu wa tatu. Hiyo hailipi gari lako likiibiwa. Ipo bima ya mtu wa tatu inayoongeza moto na wizi, na ipo bima kubwa. Kabla ya kutia saini, uliza mambo manne: je, vipuri vikiibiwa gari likibaki, vinalipwa? Je, vitu binafsi vilivyomo ndani vinalipwa? Ni kiasi gani cha hasara utakibeba mwenyewe? Je, kuna sharti la kufunga kifaa fulani au kulaza gari mahali fulani? Sharti lisilotimizwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia.

Usinunue cha wizi

Kioo cha bei ya kutupa, kisicho na risiti, huenda kiling'olewa jana usiku kutoka gari la jirani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhukumu pia anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi. Nunua kwenye duka linalotoa risiti yenye jina la muuzaji, na ukatae kipuri chenye namba iliyokwanguliwa.

Ukikuta gari limevunjwa au halipo

1. Usiguse vitasa wala vioo, piga picha.
2. Piga simu polisi, namba 112, kisha fika kituo cha karibu na upate namba ya taarifa, yaani RB.
3. Ikiwa gari lina kifaa cha kufuatiliwa, wape polisi mahali lilipo. Usilifuate mwenyewe.
4. Iarifu kampuni ya bima mara moja, kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba.
5. Mjulishe aliyekukopesha, ikiwa gari lina mkopo.
6. Ikiwa dai lako la bima limekataliwa bila sababu inayoridhisha, lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Usiporidhika, mwendee Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo hii andika pembeni namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini, piga picha za gari pande zote nne, na uhifadhi nakala za bima na risiti nje ya gari. Kazi hiyo haizidi nusu saa, nayo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yako kituo cha polisi na ofisi ya bima.