Ndoano Nunua, Unyoya Okota

Dada yangu anaishi Makongeni, Thika. Mimi niko Ruiru. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, mmoja wetu hupanda matatu kumfuata mwenzake, na kazi ya siku hiyo ni kufunga nzi. Nzi ninaowasema ni wa kuvulia: ndoano ndogo iliyovishwa uzi, sufu na manyoya mpaka samaki aione ni mdudu. Dada aliifanya kazi hiyo miaka mingi katika karakana moja, akilipwa kwa dazeni, na dazeni yenye kasoro ikirudishwa mezani bila malipo. Nzi wake walisafiri hadi Uingereza na Marekani, kama wanavyosafiri wengi wanaofungwa Kenya. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona samaki ambaye walifungwa kwa ajili yake. Alipoacha kazi alinipigia simu akasema, “Sasa nataka kumjua huyo trauti.”

Huu ni mwaka wa tatu. Majirani na walimu wenzangu huniuliza kama burudani hii ni ya matajiri. Ukinunua kila kitu dukani ng'ambo, ni ya matajiri kweli. Ukijua pa kutoa pesa na pa kuzibana, mwalimu na mama aliyestaafu wanaimudu, hasa wakiwa wawili.

Swali la kwanza ni kama ufunge nzi mwenyewe au ununue. Duka la Marekani huuza nzi mmoja kwa dola 2 au 3, na kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 260 hadi 390. Sisi huku tumekaa katikati ya mafundi. Mara ya mwisho nilinunua kwa fundi wa hapa kwa shilingi 80 kila mmoja, kazi safi isiyopungua ile ya ng'ambo. Tukifunga wenyewe, ndoano nzuri hutufikia kwa takriban shilingi 35 baada ya kugawana gharama ya kusafirisha, na uzi, sufu na manyoya haviongezi zaidi ya shilingi 10. Nzi wetu ni shilingi 45. Tunaokoa 35.

Lakini vifaa vilitugharimu kama shilingi 5,200: jiliwa, makasi yenye ncha kali, kishikio cha uzi na koleo la kushikia unyoya. Kwa hiyo inabidi tufunge nzi karibu 150 kabla hatujaanza kuokoa hata ndururu. Kila safari, sisi wawili hupoteza nzi kama kumi kwenye matawi na chini ya mawe, na safari kumi na tano ndizo zinazofuta deni la vifaa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua nzi dazeni mbili kwa mfungaji wa hapa, avue nao msimu mzima, aone kama moyo umependa. Pesa hiyo inabaki kwenye meza ya mtu wa Thika au Ruiru, na ukimwomba kwa heshima atakuonyesha anavyofunga. Somo hilo hakuna duka la ng'ambo litakalokupa.

Anayeamua kufunga asibane pesa kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wa jua kali huiita vaisi. Nasema hivi kwa machungu. Mwanzoni nilitengenezewa moja kwa shilingi 1,500, nzuri ya kutazama, imepakwa rangi nyeusi. Ndoano kubwa, namba 8, iliishika vizuri. (Namba zikipanda, ndoano inapungua.) Nilipoweka namba 14, ambayo ndiyo tunayoitumia sana mitoni, ilikuwa ikiteleza kila nilipokaza uzi. Midomo ilikuwa ya chuma laini, na baada ya mwezi ilikuwa imechimbika vijito. Midomo ya jiliwa inataka chuma kigumu kilichopikwa moto na kupozwa sawasawa. Mkiwa wawili, nunueni moja nzuri ya pamoja badala ya mbili mbovu. Anayesubiri zamu achambue manyoya.

Kwenye ndoano pia usibane. Ndoano dhaifu hunyooka samaki akivuta, na jioni nzima ya kazi inakwenda na maji. Chagua zisizo na chembe, au uibane chembe kwa koleo, ili samaki mdogo arudi mtoni mzima.

Vingine vyote, tazama nyumbani kwanza. Uzi wa ovaloki wa fundi cherehani ni mwembamba kuliko uzi wa kawaida wa kushonea, na koni moja inaweza kuwazidi umri. Waya mwembamba wa shaba umo ndani ya kebo ya chaja iliyokufa. Sufu nyeusi omba kwa mama anayefuma sweta. Kichwa cha nzi tunakifunga kwa tone la Cutex isiyo na rangi. Gundi za ng'ambo za kufungia kichwa zinauzwa ghali na kazi ni ileile. Duka la nywele limetufaa kuliko duka lolote la uvuvi: nyuzi za kusukia, zile zinazong'aa, hutoa mkia na mabawa ya nzi wa kila rangi. Mwaka 2011 wanawake wa Marekani walianza kujipamba nywele kwa manyoya ya jogoo wa kufungia nzi, na wavuvi wakalia kwa bei kupanda. Huku Ruiru mimi ndiye ninayesimama foleni saluni.

Manyoya yenyewe yanataka macho. Jogoo wa kienyeji anayechinjwa Krismasi ana shingo yenye manyoya membamba ya kufaa, ila mengi ni laini na mafupi. Yanafaa nzi wa kuzama. Nzi wa kuelea anataka unyoya mgumu, wenye nywele za urefu mmoja, na huo hutoka kwa jogoo waliozalishwa Marekani kwa kazi hiyo tu. Ngozi moja ya shingo ni ghali, basi tunanunua nusu, au tunavua na nzi wa kuzama, ambao ndio wanaokamata samaki wengi zaidi. Usiguse manyoya ya ndege wa porini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi, na hata kanga wa kufugwa wanahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS).

Nzi tunayemfunga mara nyingi anaitwa Kenya Bug, na jina lake linajieleza. Mkia wa nyuzi za unyoya mweusi, mwili wa sufu nyeusi, mizunguko ya waya wa fedha, kola ya unyoya mweusi. Dada humaliza mmoja kabla chai yangu haijapoa. Hulowesha vidole kwa mate, hunyoosha nyuma nywele za unyoya, huzungusha mara tatu tu, kisha uzi mara tano na fundo. Mimi huzungusha mara sita na kichwa kinavimba. “Usivute kama unafunga mbuzi,” huniambia. “Uzi ukishika, umeshika.”

Sasa fimbo na mshipi. Katika uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi mzito. Nzi mwenyewe hana uzito wa kupenya upepo. Namba ya mshipi lazima ilingane na namba ya fimbo. Maduka humwuzia kila anayeanza fimbo ya futi 9, namba 5, na seti nzima ya bei nafuu ilinifikia kwa kama shilingi 14,000 pamoja na ushuru na VAT ya asilimia 16. Kwa mito yetu ya msituni ni ndefu mno, miti inaishika kila upande. Dada alichukua ya futi 7 na nusu, namba 4, na ananishinda. Fimbo msishiriki, mmoja atakaa ukingoni akitazama siku nzima.

Mshipi, hata hivyo, mnaweza kuugawa. Kuna aina iliyochongwa ncha zote mbili, nene katikati, urefu wa mita 27 hivi. Mtoni huwa hatutupi zaidi ya mita kumi. Tulinunua mmoja wa namba 4, tukaukata katikati, na mimi nilipopata fimbo fupi ya namba hiyo, kila mmoja akawa na mita 13 na nusu. Mshipi mmoja mzuri, watu wawili, nusu bei.

Mito ya Chania na Thika inapita mjini pale hoteli ya Blue Posts, lakini trauti hutaka maji baridi, na Thika iko chini mno. Tangu mlowezi Ewart Grogan alipomwingiza samaki huyu katika mto Gura mwaka 1905, makao yake yamekuwa juu, kwenye misitu ya milimani kama ya Nyandarua. Dada anapendelea Kimakia, kwa barabara ya Gatura kutoka Thika. Mimi naona Gatamaiyu, upande wa Lari, ni karibu zaidi kwa mtu wa Ruiru. Nauli hazipishani sana. Boda ya mwisho ndiyo inayouma, na mkiipanda pamoja inauma kidogo. Kokote uendako, lipa kiingilio cha msitu, uwe na leseni ya uvuvi, na Kimakia usikwepe gharama ya mlinzi, kwa sababu msituni kuna tembo.

Ilikuwa Kimakia, mvua imetoka kukatika, ndipo Dada alipomshika trauti wake wa kwanza. Alikuwa mdogo, kama kiganja na vidole, na ubavuni ana mstari wa waridi. Dada alipiga magoti majini bila kujali gauni, akamtoa ndoano mdomoni, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama nzi. “Mkia ni mrefu,” akasema. “Karakana ilitaka mrefu. Huyu kaushika kwa taabu.” Alimwachia samaki, na tangu siku hiyo mikia yetu ni mifupi.